Lenzi Haina Ukungu

6 Februari

Mpwa wangu fundi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, isipokuwa mkaza mjomba wako ana kikohozi cha wiki ya tatu na hataki dawa. Anasema kikohozi chake kinatokana na maneno yangu. Kaka yako Nusu Saa hajambo. Nilipomwombea kazi ya kufunga mizigo hapa kwenye ujenzi nilimwambia msimamizi kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu, mwaminifu, ana mke na watoto wawili, kasoro yake ni saa tu. Huu ni mwaka wa pili anafanya kazi chini ya ndoano ya kreni yangu, na bado anachelewa nusu saa ile ile, hazidishi wala hapunguzi. Mama yako mwambie goti lake nalikumbuka kila ninapopanda ngazi.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu ni ya misiba. Mambo ya kamera tulikubaliana tangu nilipokufundisha kushika ile ya filamu: picha isafishwe, itiwe kwenye bahasha pamoja na barua, mtu aishike mkononi aitazame vizuri. Picha za simuni watu wanazipitisha kwa kidole kama wanaofukuza nzi.

Sasa, kamera isiyo na kioo uliyonichagulia imefika salama. Wenzangu walinicheka. "Mzee umeuziwa kamera haina kioo, mvua ikinyesha si itaingia maji?" Nikawaeleza kama ulivyonieleza: kioo kilichotolewa ni kile cha ndani, kilichokuwa kinarusha taswira kwenye jicho, na sasa ndani ya tundu la kuchungulia kuna kiskrini kidogo kinachokuonyesha kila kitu, na ukitaka unakiongezea mwanga. Wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza, sasa nitanyolea nini.

Napanda nayo kila siku. Nakutumia picha tano nilizopiga kutoka kibandani, juu kwenye kreni. Nina maswali mawili. La kwanza, betri inakufa kabla ya chai ya saa nne. La pili, nikiiacha dakika moja tu kiskrini kinazima, mpaka nibonyeze. Mimi nataka isilale kabisa, tangu asubuhi mpaka jioni. Kuna kipanga anatua kwenye mkono wa kreni, na nataka nimvizie.

Mjomba wako


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama anasema goti lake linakushukuru, ila lingeshukuru zaidi kama ungekuja. Kazini kumenichosha. Juzi mteja ameleta kamera yenye kichuguu kizima cha sisimizi ndani, na ananiuliza mimi wameingiaje, kana kwamba niliwapa nauli.

Picha zako nimezibandika juu ya meza yangu ya kazi. Ile ya tatu, ya vivuli vya watu waliozunguka zege bichi, sijapiga picha nzuri hivyo mwaka mzima, na nasema hivyo kwa wivu.

Betri: ile kamera yako ya zamani kioo kilikuwa kinafanya kazi bure, hakikuhitaji umeme. Hii kiskrini chake kinawaka muda wote unaochungulia, kwa hiyo inakula. Nunua betri mbili zaidi. Kuhusu kulala, ingia kwenye orodha ya mipangilio, ukurasa wa tatu, kuna mahali pa kuchagua dakika, na mwisho kabisa kuna "isizime". Lakini usiiweke hapo, Mjomba. Itapata joto, na ikipata joto inazima yenyewe bila kuaga. Kwa kipanga huna haja. Ukigusa kifyatuo tu inaamka kabla hujapepesa.

Na kipanga mwenyewe yuko wapi? Katika picha tano hata unyoya wake sijauona.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu fundi,

Usinune kwa kuchelewa. Kazi imeshika kasi, tumefika ghorofa ya tisa. Mkaza mjomba wako amepona kikohozi, sasa sauti imerudi yote na inatumika yote. Kaka yako amepata radhi ya msimamizi baada ya kufunga mzigo wa nondo ambao watu watatu walishindwa kuusawazisha. Nilijisikia fahari huko juu nikawa natabasamu peke yangu.

Betri nilinunua. Hazitoshi. Niambie kama naweza kuichomeka kwenye lile tofali la kuchajia simu na bado niwe naichungulia. Halafu, nimegundua kuna kitufe cha kukuza sehemu ya katikati ili uone kama kitu kimekaa sawasawa, lakini baada ya muda inarudi udogo wake. Nataka ibaki imekuzwa. Nieleze hatua kwa hatua, na uandike kwa herufi zinazoonekana, mwandiko wako siku hizi umekuwa wa chawa.

Sasa lawama. Hii lenzi uliyoniletea ina ukungu. Sikutaka kusema mapema nikaonekana mtu wa kulalamika. Picha zote zina ukungu, na asubuhi jua likiwa mbele ndiyo kabisa, kila kitu kinakuwa maziwa. Hizi nane nakutumia uone mwenyewe. Nimeifuta kwa kitambaa ulichonipa mpaka mkono umechoka.

Kipanga ni mjanja. Naendelea naye.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Huku salama. Mama anatembea bila fimbo ndani ya nyumba, nje bado anaogopa. Amefurahi kusikia habari za nondo, na amewapigia simu watu sita kuwaeleza, pamoja na mmoja ambaye hatumjui.

Tofali la kuchajia linawezekana, ila uwe na waya mzuri. Kukuza kusirudi udogo, inawezekana pia, nimekuandikia hatua kwenye karatasi ya pili. Lakini kabla hujaisoma nataka uelewe kwamba ukikuza katikati, pembeni huoni kitu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia nikiwa na miaka kumi na moja: kabla hujafyatua, tembeza jicho kwenye kingo nne.

Sasa lenzi. Neno ukungu limenishtua, maana sisi mafundi tukiambiwa ukungu tunafikiria ule unaoota, ule wa mkate, unaotandaa kwenye kioo kwa ndani ukakila. Nilizichukua picha zako nane nikaziweka chini ya lenzi ya mkononi. Mjomba, ni kali kama wembe. Katika ile ya mfunga mizigo aliyekaa kwenye mbao nimehesabu nyuzi za viatu vyake. Hakuna ukungu, si wa kuota wala wa asubuhi. Sielewi wewe unaona nini.

Itume kamera niifungue. Nitumie na lenzi yake, usiitenganishe, vumbi litaingia moja kwa moja mpaka kwenye kihisio kinachonasa picha, kwa kuwa hakuna kioo cha kukikinga.

Na jingine, kwa adabu zote: mwandiko wangu ni ule ule. Wako ndio umekuwa mkubwa kama wa bango. Barua ya Februari ulijaza ukurasa mmoja, hii ya Machi kwa maneno yale yale umejaza nne. Unaandikia wapi?

Mpwa wako


16 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Naandikia kibandani, kreni ikipigwa upepo inatikisika, ndiyo sababu.

Kamera hiyo hapo. Ifungue, isafishe, irudishe. Usikae nayo zaidi ya wiki moja. Sisemi hivyo kukuharakisha kama wateja wako wanavyokuharakisha. Nasema wiki moja, na si mimi tu ninayeihitaji.

Mjomba


27 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Kamera imefika salama, naishughulikia. Mama hajambo.

Nakutumia picha moja tu, niliyoipiga kwa kamera yako hiyo hiyo na lenzi hiyo hiyo. Ni ukuta wa nyuma ya duka letu, saa tatu asubuhi. Itazame kwa makini, halafu uniandikie unaonaje. Nasubiri jibu lako kabla sijafunga skrubu.

Mpwa wako


8 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko wazima.

Picha ya ukuta nimeipata. Ni nzuri. Mwanga umekaa upande wa kushoto kama inavyotakiwa, na nimependa ulivyothubutu kupiga ukuta mtupu bila kuweka mtu wala kiti. Watu wengi wanaogopa utupu. Ila ona mwenyewe, hata hii ina ukungu, katikati umetanda kama mtu aliyefuta kwa kitambaa kichafu. Sasa umeamini.

Siku ishirini na mbili kamera iko kwako. Nilisema wiki moja. Sikukulea hivyo, mtu anakuomba kitu kwa heshima unamjibu kwa kumtumia ukuta. Irudishe kama ilivyo, na ukungu wake.

Mjomba


13 Mei

MJOMBA, SHIKAMOO.

Nimeandika kwa kalamu ya wino mnene, herufi kubwa, karatasi kumi na moja, ili uisome mwenyewe mchana kwenye mwanga, usimwombe mtu akusomee. Nimeituma kwa basi na si kwa posta. Keshokutwa utakuwa nayo.

Nilikupigia simu mara nne wiki hii. Kila nikitaja neno jicho unasema mtandao unakatika. Mama alikupigia kwa simu hiyo hiyo na mkaongea dakika ishirini mtandao ukiwa mzima.

Ukuta ule si mtupu. Nilipanda ngazi na chaki nyeupe nikaandika katikati yake, herufi zina urefu wa mkono wangu: MJOMBA UNASOMA HAYA? Mwenye duka la jirani aliyasoma akiwa ng'ambo ya barabara akaniuliza mjomba ndiye nani. Wewe umeiona picha hiyo ukaniandikia kwamba watu wanaogopa utupu. Nilikaa chini niliposoma. Nililia, sitakuficha, halafu nikakasirika.

Lenzi haina ukungu. Nimeifungua yote, kioo kwa kioo, ni safi kuliko siku iliyotoka kiwandani. Sasa nikwambie nilichokikuta kwenye kamera. Picha ulizopiga kwa miezi mitatu ni arobaini na moja. Kwa picha arobaini na moja betri moja ilitosha na kubaki, lakini zako zote tatu zimechakaa na moja imevimba. Raba ya tundu la kuchungulia imelika upande mmoja, kama kiatu cha mtu anayechechemea. Kile kigurudumu cha kurekebisha macho umekizungusha mpaka mwisho kikagoma. Kiskrini kimewekwa mwanga wa juu kabisa, kukuza kumewekwa kusirudi, na chini ya kamera kuna mikwaruzo ya kibanio cha chuma. Mjomba, hukuwa unapiga picha. Umeifunga kwenye kibanda na unachungulia humo kutwa nzima. Kipanga hayupo. Unamtafuta kaka yangu.

Huoni ndoano, na huoni mikono ya mfunga mizigo ikikwambia pandisha au simama. Kamera inakukuzia na kukuongezea mwanga, ndipo unaona. Nimefikiri sana jinsi ulivyolibuni jambo hili, na kama lisingekuwa baya ningekuvulia kofia.

Lakini mimi ni fundi na hukuniuliza. Ile ya zamani, yenye kioo, ilikuwa inakuonyesha kitu chenyewe. Hii haikuonyeshi kitu, inakuonyesha picha ya kitu, na picha lazima itengenezwe kwanza. Nimeweka saa ya kupimia wakimbiaji mbele ya kamera yako nikailinganisha na taswira yake kwenye kiskrini: taswira inachelewa. Kwenye jua tofauti ni ndogo, huwezi kuijua. Wingu likipita, au jioni mwanga ukipungua, inazidi, na vitu vinavyotembea vinaacha mkia. Kaka yangu anakuwa ameshanyoosha mkono kusema simama, na wewe bado unamwona anasema teremsha. Na ukiwa umekuza katikati, mtu akipita pembeni humwoni hata kidogo. Na ikipata joto inazima, na mzigo uko hewani.

Ugonjwa wako naujua, na wewe unaujua. Ni mtoto wa jicho. Mama alianza hivi hivi, akisema taa za nyumba zimepauka, tubadilishe. Nani alimshika mkono kumpeleka hospitali? Nani alikaa kwenye benchi akimwambia ni jambo la dakika chache, usijitie woga? Alipofunguliwa kitambaa akakuangalia akasema umezeeka, na wewe ulicheka mpaka nesi akaja. Sasa wewe unaogopa nini? Najua unaogopa nini. Ukienda hospitali watakuandikia karatasi, karatasi itafika kwa msimamizi, na utakuwa umeshuka kreni ambayo umeipanda miaka ishirini na sita. Naelewa. Lakini naelewa na yule aliye chini.

Kamera iko hapa mezani. Nikiirudisha, utafanya kazi kwa picha ya kitu kilichokwisha kupita. Nisipoirudisha, utafanya kazi ndani ya maziwa, na ndivyo unavyofanya tangu Aprili, na aliyeichukua ni mimi. Sijui lipi kati ya haya mawili ni dhambi kubwa. Jumapili nilimpigia kaka nikamwambia asisimame chini ya mzigo hata kwa sekunde, nikasema nimeota ndoto mbaya. Alicheka, akasema ndoto zangu zisubiri amalize chai. Sikuweza kumwambia kweli. Ningekuvunjia heshima kwa mtu anayekuona kama baba.

Kwa hiyo nimeandika barua ya pili, ya msimamizi. Iko kwenye droo, imeshabandikwa stempu. Ukiipata hii, una siku moja. Shuka mwenyewe, useme mwenyewe. Tarehe 17 asubuhi kama sijasikia umeshuka, naiposti.

Mpwa wako anayekupenda, na unisamehe au usinisamehe.


15 Mei

Nimeisoma. Imenichukua tangu saa sita mpaka saa tisa, na nimeisoma mwenyewe.

Unanipa siku moja. Wewe, ambaye nilikushikisha kamera mkononi kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Miaka ishirini na sita sijagusa hata kofia ya mtu. Waulize. Mzigo naujua kwa uzito wake kwenye mkono wa kuendeshea, sihitaji kuhesabu nyuzi za viatu vya mtu. Redio zetu zinasikika kwa wote, kila mtu anaongea humo, na kelele za mashine ya zege huzijui, kwa hiyo usinifundishe kazi ya mikono na ishara. Wewe kaa na skrubu zako.

Barua yako ya droo iposti. Usinitishe nayo. Na kama kaka yako anakunywa chai kwa raha, ni kwa sababu mimi ndiye niliye juu.

Kamera baki nayo.


17 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimeiposti leo saa mbili asubuhi. Nilikaa mbele ya sanduku la posta nusu saa nzima nikimsubiri mtu anizuie.

Nimemwambia na kaka. Amekata simu.

Mpwa wako


25 Mei

Mpwa wangu fundi,

Salamu kutoka kwetu. Kalamu ya wino mnene nimenunua na mimi, kwa hiyo tusichekane. Mama yako tumeongea jana, amenitukana kwa upendo kwa muda mrefu, na mtandao haukukatika.

Kwanza habari ya mbele, usije ukasoma hadi mwisho huku moyo unakudunda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeiva, wanaanza nalo Jumatano ijayo. Daktari aliniuliza nimekuwa nikifanya kazi gani, nikamwambia, akaacha kuandika. Mkaza mjomba wako alikuwa ameketi pembeni. Njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno, na wewe unajua hilo kwake ni jambo zito kuliko matusi. Tulipofika mlangoni akaniambia alijua tangu siku niliposalimia koti lake ukutani nikidhani ni yeye. Alikuwa ananingoja niseme.

Karatasi yako ya tarehe 17 ilinikuta nimeshashuka. Barua yako kwa msimamizi ilifika siku mbili baadaye. Aliniita ofisini, akaiweka mezani, akasema ni haki yangu kujua. Nikamwomba anisomee. Uliandika vizuri. Uliandika kwamba mimi ni dereva bora kuliko wote uliowahi kuwasikia na kwamba siwezi kuona. Nilitaka nikukasirikie nikashindwa pa kuanzia.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana kaka yako atakuhadithia na ataongeza chumvi.

Ilikuwa tarehe 17 hiyo hiyo, mchana. Ukitaka kujua kama ni barua yako iliyonishusha, hapana. Nilikuwa nimeshaapa kukuonyesha. Nilipanda asubuhi na hasira zote, na nilifanya kazi vizuri, mizigo sita, yote ikatua kama yai. Kaka yako alikuwa chini na nilijua ni yeye kwa namna anavyotembea, ingawa siku hiyo hakunipungia mkono kama kawaida. Sasa najua kwa nini, ulikuwa umemwambia. Alijua, na bado alisimama pale akafunga mizigo yangu sita. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nikilifikiria nashindwa kula.

Mzigo wa saba ulikuwa nondo. Nikauzungusha mpaka kwenye sakafu ya ghorofa ya kumi na moja, nikaanza kuteremsha. Mkono wa mfunga mizigo aliyekuwa pale niliuona, au niliona kitu kinachotembea, nikajua ni teremsha. Ikabaki kama mita nane. Hapo chini ya mzigo nikaona kitu cheupe. Kimeinama. Nikasimamisha.

Nikakitazama. Nikafumba jicho moja, nikafumba jingine. Nikafuta dirisha la kibanda kwa mkono wa shati, mjinga mimi, kama nilivyokuwa nafuta lenzi. Nikajiambia ni mfuko wa saruji, wameupandisha asubuhi, unakumbuka. Nikajiambia kama angekuwa mtu angesogea. Halafu nikajiambia mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu hasogei. Mkono ukaendelea kuniashiria teremsha, teremsha, na mimi nikawa nao mkono wangu pale kwenye chuma cha kuendeshea, na ningeweza, mpwa wangu. Robo tatu yangu ilikuwa na uhakika. Nimeshusha kwa uhakika mdogo kuliko huo, tangu mwaka jana nimeshusha hivyo mara nyingi, na leo ndipo naliandika.

Nikachukua redio, ile inayosikika kwa wote, kwa wafunga mizigo, kwa watu wa zege, mpaka ofisini. Nikasema, "Sioni."

Msimamizi akauliza, "Huoni nini?" Nikasema, "Sioni. Macho yangu. Waondoe watu wote, nitauweka mzigo uwanjani, halafu nitashuka." Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye redio za chini, ikichelewa kidogo kunifikia.

Waliondoka wote. Mzigo nikauweka kwenye uwanja mtupu, polepole, kwa kuusikiliza mkononi. Kaka yako akapanda ngazi yote mpaka kwangu na akashuka mbele yangu, akiniwekea mguu kila ngazi kama mtoto anayejifunza. Nilipogusa ardhi watu walikuwa wamesimama na hakuna aliyenitania, na hilo ndilo lililoniumiza.

Walitaka kunipa kiti. Nikakataa. Nikamwambia kaka yako anipeleke ghorofa ya kumi na moja kwa ngazi, kwenye sakafu ile, pale mahali. Akasema mjomba pumzika kwanza, nikamwambia twende. Tulipofika akanisimamisha, akasema, "Ni hiki hapa." Nilikuwa bado nakiona kimeinama. Nikapiga magoti nikakishika kwa mikono miwili, juu, pembeni, chini, nikakishika tena. Ulikuwa mfuko wa saruji.

Mjomba wako